Hana Hatia, Lakini Nafsi Inamsuta: Lugha ya Mtu Aliyewashinda wa Kwao katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili kinavyoieleza hali ya mtu aliyewashinda rafiki zake wa zamani, waliobaki katika jamii yenye uhaba ambako yeye mwenyewe alitoka. Katika tafsiri na katika maandishi ya ushauri nasaha hali hiyo huitwa 'hisia ya hatia'. Makala yanadai kwamba jina hilo linambebesha mshindi kosa ambalo hakulitenda na kuliacha kando jambo linalomkera hasa. Kwa kuchunguza vitenzi shinda, juta na suta, nomino hatia, soni na deni, pamoja na methali, utani na matini mbili za fasihi, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina njia tatu tofauti za kuieleza hali hiyo. Ya kwanza inamtia mtu hatiani, ya pili inamweka mbele ya nyuso za watu, na ya tatu inamfanya mdeni. Kuchagua njia mojawapo ni kuchagua pia dawa inayofaa.

Istilahi za msingi: shinda, shindwa, hatia, soni, suta, utani, semantiki

1. Utangulizi

Tarehe 24 Novemba 2022, katika fainali za Kombe la Dunia nchini Qatar, Uswisi iliifunga Kameruni bao 1–0. Mfungaji alikuwa Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni, aliyehamia Ulaya akiwa mtoto. Mpira ulipoingia wavuni katika dakika ya 48, wenzake walimkimbilia kwa furaha, lakini yeye aliinua mikono na kusimama. Kwa Kiswahili tukio hilo husimuliwa kwa neno moja tu: hakushangilia. Neno hilo linataja kisichotendeka, na linanyamaza kuhusu kilichokuwa moyoni. Alijuta? Aliona haya? Alijiona mkosaji? Kila mojawapo ya vitenzi hivyo ingeleta maelezo tofauti ya tendo lilelile.

Mifano ya karibu zaidi haihitaji uwanja wa mpira. Kwa miongo mingi, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Tanzania ulikuwa mlango mwembamba. Katika shule nyingi za vijijini ilikuwa kawaida darasa zima likafanya mtihani na mwanafunzi mmoja au wawili tu wakachaguliwa kuendelea na sekondari. Waliochezea uwanja mmoja, wakachota maji kisima kimoja na kusomea dawati moja waligawanywa na orodha iliyobandikwa ukutani. Aliyechaguliwa aliwashinda wenzake bila kuwagusa. Akirudi likizo, anajua jinsi ya kuwasalimu, lakini hajui aseme nini baada ya salamu.

Makala haya yanauliza swali la kisemantiki lenye uzito wa kijamii: Kiswahili kinampa mtu huyo maneno gani ya kujieleza, na kila neno linamfanya awe nani? Data iliyotumika ni matumizi ya kawaida ya Kiswahili sanifu, methali zinazojulikana na matini mbili za fasihi. Uchambuzi unaanza na sarufi ya kushinda, kisha unaingia katika msamiati wa kujilaumu, na mwisho unapima maarifa hayo katika methali, utani na fasihi.

2. Sarufi ya kushinda na kushindwa

Kitenzi shinda kina maana kadhaa zinazogusana: kumzidi mtu katika pambano, kupita kwa kiwango, na kukaa mahali au katika hali fulani mchana kutwa. Maana ya tatu, kama katika kushinda na njaa, haihusiki moja kwa moja hapa. Maana mbili za kwanza ndizo zenye kazi. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) a. Asha amemshinda Rehema.
b. Asha ni mrefu kumshinda Rehema.

Katika (1a) pana pambano na katika (1b) hapana, lakini sarufi ni moja. Kiswahili kinaweza kulinganisha watu wawili kwa kitenzi kilekile kinachotangaza mshindi. Kwa hiyo kila ulinganisho wa aina hii una kivuli cha ushindi, hata pale ambapo aliyezidi hakutafuta kuzidi. Aliyezaliwa na uwezo, aliyepata mwalimu mzuri na aliyepigana kwa jasho wote husemwa kuwa wameshinda.

Utata mkubwa zaidi uko katika kauli ya kutendwa:

(2) a. Rehema ameshindwa na Asha.
b. Rehema ameshindwa kuendelea na masomo.
c. Rehema ameshindwa.

Sentensi (2a) inamtaja mtenda kwa kiunganishi na. Sentensi (2b) haina mtenda. Shindwa hapa ni kinyume cha weza, na kinachofuata ni kitenzi-jina. Katika (2c), kisipotajwa mtenda wala kitendo, msikilizaji hana njia ya kisarufi ya kujua kama Rehema alizidiwa na mtu au alikosa uwezo. Lugha imeziweka hali mbili katika umbo moja: kuzidiwa na mwingine na kutoweza mwenyewe.

Utata huu una matokeo ya kijamii. Katika ripoti za mitihani, za michezo na za kugombea kazi, umbo la (2c) ndilo linalotumika zaidi kwa sababu ni fupi. Mtu aliyezidiwa kwa kukosa viatu, taa ya kusomea au nauli ya kufika kwenye usaili husomeka kama mtu asiyeweza. Mtenda anapoachwa, masharti ya pambano huachwa pamoja naye. Mshindi anayetoka katika jamii ileile ndiye shahidi asiyeweza kuyaacha masharti hayo, kwa kuwa anayajua kwa macho yake. Anajua nani alikuwa na akili kuliko yeye ila alikuwa akichunga mifugo siku za mvua. Kwake (2c) ni sentensi yenye uwongo ndani yake, na ushindi wake mwenyewe umesimama juu ya uwongo huo.

Inafaa pia kuzingatia miundo ambamo kinachoshinda si mtu: Mtihani umemshinda, maisha yamemshinda, kazi imemshinda. Hapa mambo ndiyo yanayochukua nafasi ya kiima, na mtu anakuwa yambwa. Wazungumzaji huitumia miundo hii kwa huruma zaidi kuliko (2c), kwa kuwa inakiri kwamba kulikuwa na nguvu nje ya mtu. Mshindi mwenye kujali huchagua kusema maisha yaliwashinda wenzangu badala ya wenzangu walishindwa, na tofauti hiyo ya uchaguzi ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kimtindo. Hata hivyo, muundo huo una uficho wake pia: unamtoa mshindi katika picha. Maisha ndiyo yaliyowashinda, mimi sikuwapo.

Umbo la kutendana, shindana, linaongeza jambo la mwisho. Kiambishi -an- kinadai ulinganifu: A anamtenda B kama B anavyomtenda A. Kusema walishindana ni kudai kwamba wote walikuwa katika uwanja mmoja wenye kipimo kimoja. Kinachomkera mshindi aliyetoka katika uhaba mara nyingi ni kiambishi hiki. Anakubali kwamba alishinda. Anachotilia shaka ni kama walishindana.

Ulinganifu huo wa -an- unapotoweka, wanahabari wa michezo huujaza ufa kwa lugha ya nguvu. Timu huchapwa, hunyukwa na hutandikwa, na hata kitenzi cha kawaida kabisa, funga, kinabeba maana ya kumtia mtu kamba au kumweka gerezani. Lugha hiyo haina madhara baina ya walio sawa. Baina ya wasio sawa, picha ya kuchapwa inakaribia mno ukweli.

3. Hatia, majuto, soni: njia tatu za kujieleza

Nomino hatia ina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha leo makazi yake makuu ni mahakama na ibada. Mtu hukutwa na hatia, hutiwa hatiani au huachiwa kwa kuwa hana hatia. Miundo yote hii inahitaji kosa lililotendwa na mamlaka inayolitamka. Maneno kuhisi hatia na kujiona mwenye hatia yameenea kupitia tafsiri na taaluma ya saikolojia. Yanajaribu kuihamisha hukumu kutoka mahakamani hadi moyoni, lakini yanahama na masharti yake: pasipo kosa hakuna hatia.

Kitenzi juta nacho kinadai kosa, au angalau uchaguzi ambao mtu angependa kuubadili. Anayejutia jambo anatamani lisingekuwa. Hapa mshindi wetu anakwama. Akisema najuta kufaulu, wenzake wataisikia kama kejeli, kwa kuwa wanajua hatairudisha nafasi yake. Majuto yasiyo na nia ya kurudisha huonekana kuwa maigizo.

Jaribio rahisi la kisemantiki linaonesha tofauti hizi. Alama ya kuuliza inaashiria sentensi inayojipinga:

(3) a. Hana hatia, lakini nafsi yake inamsuta.
b. ? Hana kosa lolote, lakini anajutia kosa lake.
c. Hakukosea, lakini aliona soni kuwatazama.

Sentensi (3a) na (3c) zinakubalika bila utata. Kusutwa na nafsi na kuona soni haviwezi kufutwa kwa kuthibitisha kwamba mtu hakukosa. Ndiyo maana kumwambia mshindi wewe hukufanya kosa, jibu linalofaa kwa mwenye hatia, hakumpi nafuu. Anajua tayari kwamba hakufanya kosa. Maneno hayo yanajibu swali asilouliza.

Suta ni kitenzi cha ana kwa ana. Kumsuta mtu ni kumkabili kwa ushahidi wa jambo alilolisema au alilolitenda, ili asiweze kukana. Katika miji ya pwani ya Tanzania kusuta kumekuwa tukio la hadhara: kundi la wanawake humwendea aliyezusha maneno, pengine kwa ngoma na nyimbo, na kumtamkia mbele ya majirani. Kwa hiyo kusuta kunahitaji pande mbili, uso kwa uso, na hadhira. Inaposemwa kwamba nafsi, roho au dhamiri inamsuta mtu, tukio hilo zima linahamishiwa ndani. Mtu mmoja anagawanyika kuwa msutaji na msutwa. Kisarufi, nafsi inakuwa kiima na mwenye nafsi anakuwa yambwa.

Muundo huo unaeleza jambo ambalo neno hatia halilifikii. Msutaji si hakimu, kwa kuwa kazi yake si kutoa hukumu. Anakumbusha. Anachokileta ni ushahidi wa mambo ambayo msutwa anayajua lakini angependa kuyapita kimya. Kwa mshindi wa wa kwao, ushahidi huo ni masharti ya pambano yaliyofichwa na (2c).

Soni, haya na aibu zinashirikiana katika jambo moja: zote zinakwenda na kitenzi ona. Mtu huona haya, huona soni, huona aibu. Hisia hizi zina uhusiano na macho na nyuso. Hatia inaweza kubebwa peke yake jangwani. Soni inahitaji mtu wa kutazamwa, au kumbukumbu ya kutazamwa. Ndiyo maana mshindi aliyeishi mjini kwa amani kwa miezi kumi anaweza kusakamwa siku ya kwanza ya likizo, anapokutana kituo cha basi na rafiki aliyembebea mzigo bila kuombwa.

4. Methali zinamwambia nani?

Methali ya Kiswahili inayotajwa mara nyingi baada ya pambano ni Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali ya haki, na inalinda amani. Lakini izingatiwe inamsemesha nani. Inamtaka aliyeshindwa akubali. Ndivyo pia Mwenye nguvu mpishe. Mzigo wa hekima umewekwa begani mwa mnyonge.

Methali zinazomwelekea aliyepanda juu zipo, ila zinazungumza lugha nyingine. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha inamkumbusha nahodha kazi aliyoianzia. Usiache mbachao kwa msala upitao inamwonya anayekitupa cha kale kwa ajili ya kipya kisichokaa. Shukrani ya punda ni mateke inamhukumu aliyetendewa wema akarudisha maumivu. Katika methali hizi hakuna neno la hatia. Kosa linaloogopwa ni kusahau na kukosa shukrani. Kwa maneno mengine, methali hazimuulizi nahodha kwa nini akawa nahodha. Zinamuuliza kama angali anawajua mabaharia.

Hapa ndipo nomino deni inapopata nafasi. Aliyefadhiliwa ana deni, naye hulipa fadhila. Mtoto aliyesomeshwa kwa mchango wa ukoo, au aliyefundishwa hesabu na rafiki ambaye baadaye hakuchaguliwa, hana hatia, ana deni. Tofauti ni kubwa. Hatia huondolewa kwa toba au adhabu, na baada ya hapo mtu huwa huru. Deni huondolewa kwa kulipa, na kabla ya kulipwa linawaunganisha mdeni na mdai. Anayesema nina deni kwao amekubali kubaki na uhusiano. Anayesema ninahisi hatia anaweza kuutatua moyo wake peke yake, bila kurudi kwao.

5. Utani kama njia ya kuushinda ushindi

Jamii za Afrika Mashariki zimekuwa na chombo cha kijamii cha kushughulikia ushindi baina ya watu wanaopaswa kuendelea kuishi pamoja: utani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Anayemcheka mwenzake kuhusu kushindwa kwa babu zake anaruhusiwa, na anayechekwa haruhusiwi kukasirika. Mtani huyohuyo ana wajibu wakati wa msiba. Katika soka la Tanzania, Yanga na Simba, zilizoanzishwa mwaka 1935 na 1936, huitwa watani wa jadi kwa sababu hiyohiyo: kipigo cha leo kinageuka mzaha wa kesho.

Utani unafanya kazi kwa sharti moja, nalo ni zamu. Aliyeshinda leo lazima aweze kushindwa kesho, na anayecheka awe tayari kuchekwa. Zamu ikiisha, mzaha uleule unakuwa dharau. Baina ya aliyepata elimu, ajira na kipato na rafiki yake aliyebaki na jembe, zamu imekwisha. Mshindi akitania, anakejeli. Akitaniwa, anahurumiwa. Ukimya unaotawala baina yao ni dalili kwamba chombo cha kawaida kimevunjika, na kuusoma kama chuki au majivuno ni kuusoma vibaya.

6. Ushahidi wa fasihi

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani ya kaskazini, una matukio mawili yanayohusika. La kwanza ni lile la kula kikoa. Wenzake Liyongo wanakula makoma kwa zamu, kila mmoja akiwa na siku yake ya kupanda mti. Njama ni kumfuma mishale atakapokuwa juu. Kikoa ni mfumo wa usawa na zamu, yaani undani uleule wa -an- na wa utani. Usaliti unatumia usawa kama mtego. Liyongo anaokoka kwa kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini.

La pili ni kuuawa kwake na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mfalme wa Pate kumwahidi kijana huyo cheo na ndoa. Mwana anashinda pale majeshi yaliposhindwa. Lakini ahadi haitimizwi. Anafukuzwa, anaugua na kufa. Utendi unaweka uzito katika malipo yanayotoka nje: mfalme, watu wa mji na mwili unaodhoofika. Mwana ana hatia kamili, kwa kuwa ana kosa, na msamiati wa hatia unamtosha. Kisa hiki kinafaa kuwa mpaka wa mjadala: kinaonesha ushindi dhidi ya wa kwao unavyoonekana pale ambapo kosa lipo kweli.

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) inahamia upande mwingine wa mpaka huo. Kazimoto, msimulizi na mwanafunzi wa chuo kikuu, anakutana ofisini na Manase, mwenzake wa utotoni ambaye sasa ni mkuu wa wilaya. Kwa kuwa usimulizi uko mikononi mwa Kazimoto, msomaji anaiona meza ya ofisi kutoka upande wa anayesubiri. Moyo wa Manase haufunguliwi. Hata hivyo, Kazimoto naye ni mshindi mbele ya kijiji chake: elimu imemtenga na watu waliomlea. Anakutana na hali mbili kwa wakati mmoja, ya kuzidiwa na rafiki na ya kuwazidi wa kwao. Madhara ambayo Manase anaifanyia familia ya Kazimoto yana kosa, na yanaweza kuitwa hatia. Kutengwa kwa Kazimoto na kijiji hakuna kosa la kutajwa, na kwa hiyo hakuna toba ya kukuondoa. Kujiua kwake kumesomwa mara nyingi kwa jicho la falsafa ya udhanaishi. Uchambuzi wa makala haya unaongeza jambo dogo: Kazimoto ana lugha pana ya kuuliza maswali makubwa kuhusu maisha, lakini hajapata lugha ya deni, yaani lugha ambayo ingemrudisha kwa watu.

7. Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kumweleza mtu aliyewashinda wa kwao. Kina hatia kwa aliyekosa, majuto kwa anayetaka kurudisha, soni kwa anayetazamwa, kusutwa kwa anayekumbushwa, na deni kwa anayefungamana na watu. Tatizo hutokea neno la kwanza linapochukua nafasi ya mengine yote.

Kwa watunzi wa kamusi, inafaa fahiwa mbili za shindwa, ya kuzidiwa na mtenda na ya kutoweza, zitenganishwe kwa mifano iliyo wazi. Kwa watafsiri, kuhisi hatia kusitumike kabla ya kuuliza kama matini chanzi ina kosa ndani yake. Kwa washauri nasaha, mwanafunzi anayesema nafsi inanisuta asijibiwe kwamba hana hatia, kwa kuwa hilo analijua. Aulizwe nafsi inamkumbusha nini, na ni nani kule nyumbani anayepaswa kusikia neno lake. Mchezaji anayesimama bila kushangilia bao lake hajikiri kuwa mkosaji. Anakataa kuitamka sentensi (2c) mbele ya watu anaojua kwa nini wameshindwa.